Mlango Uliokataa Kufika Chini

Vijana wa karakana, siku mliponiaga kwa soda na biskuti mlinishika mkono mmoja mmoja mkaniambia, "Mzee Tluway, tuandikie basi." Nikadhani ni maneno ya kuagana tu. Sasa nimekaa nyumbani siku za kutosha, nimeshakaza kila bawaba ya nyumba hii, na mama watoto amenipokonya bisibisi akanipa kalamu. Kwa hiyo naandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Vyeo vilikuwa vinachelewa kuja na mshahara ulikuwa unawahi kuondoka, na habari hiyo mnaijua wenyewe. Nitawaeleza nilivyofundishwa kazi, halafu nitawaeleza habari za mlango mmoja wa chuma pale Karatu. Nikiukumbuka mlango ule nashukuru mpaka leo kwamba siku ile sikupanda lori. Na mwishoni nitawajibu wale waliocheka picha ya kuagana, eti uso wangu uling'aa kama sufuria jipya.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea kwetu Mbulumbulu na cheti cha ufundi umeme nilichokificha ndani ya shati kisije kikanyeshewa. Enzi hizo karakana yetu ilikuwa banda la mabati lisilo na ukuta upande mmoja, na upepo wa Julai ulikuwa unaingia humo bila kubisha hodi. Tulihudumia majenereta, pampu za maji, mashine za kusaga na kila chenye mota kuanzia Karatu hadi Wasso. Ukiitwa Wasso ulikuwa unaaga nyumbani vizuri, maana hukujua lori lingekurudisha lini.

Fundi mkuu alikuwa Mpare mfupi aitwaye Mzee Mndeme. Alivaa sweta la kijani mwaka mzima na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku yangu ya kwanza nilifika nimechomekea shati, nimepiga kiatu rangi, niko tayari kuonyesha nilichosoma. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Unajua kunywa chai?"

"Najua, mzee."

"Kaa hapo unywe."

Hapo palikuwa kando ya jenereta lililokuwa linafanya kazi, na kelele zake zilitosha kumfanya mtu asahau jina lake. Nikanywa chai. Baadaye akarudi, akaniinamia sikioni. "Limesema nini?"

"Linaunguruma, mzee."

"Hata mtoto mchanga anajua kuwa linaunguruma. Kunywa tena."

Nilikunywa chai pale siku nyingi, mpaka wenzangu wakaanza kuniita mgeni rasmi. Sikuruhusiwa kushika hata spana. Ila siku moja nikasikia, ndani ya ule mngurumo, sauti nyembamba kama ya kifaranga, ikitokea kila mzigo wa umeme ulipoongezeka. Ulikuwa mkanda wa feni unateleza. Nilipomwambia hakunisifu. Alifungua sanduku lake, akanipa spana moja yenye mdomo uliolika, akasema nianze na huo mkanda. Spana hiyo nilikaa nayo mpaka nastaafu.

Vifaa vilikuwa vichache, na mpaka wa kaskazini ulipofungwa vipuri vya Nairobi vikawa vya kuota. Mzee Mndeme alitufundisha kutotupa kitu. Betri za redio zilizokufa alizipasua, akatoa kijiti cheusi cha katikati, akakisaga kikawa unga laini. Unga huo ulikuwa dawa yake ya mahali panapotaka kuteleza bila mafuta. Alikuwa anautunza kwenye kopo la unga wa maziwa, na mtu asiyejua angeweza kujitengenezea uji wa ajabu.

Somo kubwa kuliko yote alinipa kwa sababu ya hoteli moja kule ukingoni mwa kreta. Jenereta lao lilikuwa linakataa kuwaka. Nikapelekwa, nikafika jua limepanda, nikalijaribu likawaka mara moja. Nikalijaribu tena, likawaka. Nikanywa supu ya wenyeji wangu nikarudi karakanani na kifua mbele, nikamwambia Mzee Mndeme kuwa wale watu hawajui kuwasha tu.

"Umeliona likigoma?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Liliwaka."

"Basi umekwenda, lakini hujafika."

Akanipa blanketi lake, akanirudisha kule kwa gari lile lile lililonileta. Alfajiri nilielewa. Ukungu wa kreta ulikuwa mzito kiasi cha kuusukuma kwa mkono, na paa la banda lilikuwa linatona maji juu ya swichi ya kuwashia, tone baada ya tone. Jua likitoka panakauka, na jenereta linakuwa jema kama halikuwahi kukosa. Nilifunika swichi kwa kipande cha bati, kazi ikaisha. Tangu siku hiyo, kila nilipotaka kusema kifaa ni kizima, nilikuwa nasikia swali la yule mzee kwanza.

Sasa nije kwenye mlango.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ambayo sabuni ilikuwa inaulizwa kwa kunong'ona. Wakulima wa Karatu walikuwa na ghala lao la mbegu za mahindi na maharage, na wafadhili walikuwa wamelifungia mlango wa chuma wa kujiviringisha, unaopanda na kushuka kwa mota. Sijui nani aliwaambia kuwa tuna umeme. Tulichokuwa nacho ni jenereta la mashine ya kusaga ya jirani. Ghala likavutiwa waya kutoka huko, kwa hiyo mlango ulifunguliwa asubuhi mashine ilipoanza kusaga, na ulifungwa jioni kabla mashine haijazimwa.

Kwa wale ambao bado hamjauchokonoa mlango wa aina hiyo, ni hivi. Pazia lake ni vipande vyembamba vya chuma vilivyoshikana, nalo limeviringishwa kwenye bomba nene juu ya mlango. Mota inalizungusha bomba, na pazia linateremka kwa uzito wake lenyewe ndani ya reli mbili za pembeni. Kando ya bomba kuna swichi ndogo tunayoiita limiti, ambayo kazi yake ni kuiambia mota isimame. Lakini limiti haina macho, haijui sakafu iko wapi. Inachojua ni kwamba bomba limezunguka kiasi chake, basi. Hilo lishikeni.

Habari iliyotufikia ni kwamba mlango haufiki chini. Unasimama ukiwa umebakiza shibiri moja, na kwenye nafasi hiyo nungunungu walikuwa wanajipitishia usiku na kula mbegu. Miiba yao ilikuwa imetapakaa ndani, kwa hiyo hakuna aliyetaja mwizi. Waliyemtaja ni Paulina.

Paulina alikuwa mtunza ghala. Alikuwa binti wa kijiji cha Qurus, mwembamba, mwenye kuongea taratibu, aliyefiwa na baba na kubaki na mama mgonjwa na wadogo zake wa kuwalea. Ufunguo wa swichi ya mlango alikuwa nao yeye peke yake, akiuvaa shingoni kwa kamba ya katani. Watu walikuwa wanasema kwamba jioni anawahi lori la Qurus, anaizima swichi kabla mlango haujatua, halafu anakimbia. Fundi mmoja alikuwa ameshaletwa kabla yangu. Alibonyeza, mlango ukashuka mpaka sakafuni, akasema mlango ni mzima, akaondoka.

Na kulikuwa na jambo la Jumapili, ambalo ndilo lililommaliza kabisa. Jumapili ghala halifunguliwi na mashine ya kusaga haiwashwi. Watu waliokwenda misa ya kwanza walipita wakauona mlango umeinuka shibiri ile ile. Waliotoka misa ya pili wakaukuta umetua chini, kimya. Mlango ule ulikuwa na mnyororo wa kuushusha kwa mkono siku umeme ukikosekana, na kufuli la mnyororo huo nalo lilikuwa la Paulina. Basi ikasemwa kwamba ameona aibu, amekuja kwa kujificha, ameufunga na kukimbia tena. Kikao cha kamati cha kumnyang'anya ufunguo kilikuwa kimepangwa kifanyike asubuhi, siku moja baada ya mimi kufika.

Nilifika mchana, jua linawaka usoni mwa ghala. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Gwandu, alikuwa ananisubiri na mkongojo wake. Alikuwa mkulima wa siku nyingi, mtu mnyoofu, na mbegu zilizoliwa zilimuuma kama zimetoka shambani kwake, na nyingine kweli zilikuwa zimetoka huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bonyeza tuone."

Paulina akauvua ufunguo shingoni akanipa. Nikabonyeza. Mlango ukateremka vizuri, ukatua, mota ikanyamaza. Nikaupandisha nikaushusha tena, na tena, na kila mara ukawa na adabu kama mtoto aliyeonywa kuwa kuna wageni.

Mzee Gwandu akashusha pumzi. "Sisi hatutaki kumwonea mtu," akasema. "Lakini mvua zikianza watu watakuja hapa na magunia yao wanataka mbegu. Niwape miiba ya nungunungu? Wewe sema neno moja tu, fundi. Mlango ni mzima au ni mbovu?"

Paulina alikuwa anaiviringisha ile kamba ya katani kwenye kidole mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

Nikaomba ngazi. Nikapima umeme unaotoka kwa jirani, ulikuwa unatosha. Nikakagua nyaya, gia, cheni, nikatazama limiti, zote zilikuwa zimekaza. Hapo kuna mtego, vijana, na fundi mwenye haraka anaingia mzimamzima. Ningeweza kuilegeza limiti ili bomba lizunguke zaidi, niondoke nikisema nimerekebisha. Mlango ungetua mapema na bomba lingeendelea kuzunguka, vipande vya pazia vingejikunja kinyumenyume, na siku ya pili mngekuwa na mlango usiopanda wala kushuka. Kabla ya kuigusa limiti, jiulizeni kwanza kama kweli yenyewe ndiyo yenye makosa.

Nilishuka, nikamwuliza Paulina pembeni, "Dada, unakugomea saa ngapi?"

"Jioni, kaka. Baridi ikishashuka. Nabonyeza mpaka kidole kinauma, unasimama wenyewe tu. Hata nikiukanyaga hauendi."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wakanijibu napenda kwetu kuliko kazi."

Barabarani dereva wa lori letu akapiga honi. Alikuwa anarudi karakanani, na safari nyingine ingetegemea dizeli, na dizeli ilikuwa inategemea Mungu. Mzee Mndeme wakati huo alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Upareni, lakini nilimsikia kama amesimama nyuma ya sikio langu: umeuona ukigoma? Nikamfanyia dereva ishara aende. Honi ikalia tena kwa hasira, lori likaondoka na vumbi lake jekundu.

"Hujanijibu," Mzee Gwandu akasema.

"Naomba mpaka kesho asubuhi, mzee. Bado sijafika."

Akanitazama, akamtazama Paulina, akanitazama tena. "Na huyu niliyemshikisha ngazi ni nani?"

Tukasubiri. Paulina alichemsha chai ya rangi isiyo na sukari, tukala nayo mahindi ya kuchemsha, na mimi nikamsimulia habari za Mzee Mndeme, sweta lake, na lile neno lake la kwenda na kufika. Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akaniambia akinyang'anywa ufunguo hatalia sana kwa ajili ya kazi, kwa sababu atalima vibarua na wadogo zake watakula. Kinachomuuma ni kwamba kila atakapopita watu watasema huyu ndiye aliyewalisha nungunungu mbegu zetu. "Nitaishi wapi, kaka, ambako sitalisikia hilo?" Nikaongeza kuni.

Jua likaingia nyuma ya milima na baridi ya Karatu ikashuka kama inavyoshuka, bila kupunguza mwendo. Mashine ya kusaga ikapiga mlio wake wa mwisho mwisho. Nikamwambia Paulina abonyeze yeye, kama kila siku. Mlango ukaanza kuteremka. Ulipofika nusu ukawa unasitasita, ukashuka kwa kujivuta, ukasimama. Shibiri moja. Mota ikazima yenyewe, na kidole cha Paulina kilikuwa bado kipo kwenye swichi.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mlango mbovu haujawahi kumfurahisha mtu namna ile.

Nilipanda ngazi na tochi. Kule juu pazia lilikuwa limelegea kwenye bomba, limejaa mikunjo, kama shuka ambalo mtu amelishusha begani. Nikaelewa. Bomba lilikuwa limezunguka kiasi chake chote, na limiti ilisema kweli yake ikaisimamisha mota. Lakini pazia halikushuka. Lilikuwa limeng'ang'aniwa mahali, na urefu uliobaki ukajikusanya juu. Nikapitisha kidole ndani ya reli. Kilitoka na kitu kigumu, chekundu kwa vumbi, chenye makapi ya maharage ndani yake. Nikakinusa, furaha yote ikaniishia.

Mimi ni mtoto wa huku. Harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo siwezi kuikosea.

Mbegu za msimu ule zilipoingia ghalani, wazee walichinja kondoo pale mbele, wakasema slufay, ile sala ndefu ya baraka ambayo mmoja anaongoza na wengine wanaitikia, kisha wakayapaka mafuta mlangoni ili mbegu zikae salama. Mlango wa nyumba ya kawaida unapakwa miimoni. Mlango huu haukuwa na miimo, ulikuwa na reli, na wazee wakazipaka reli. Walipaka kwa moyo wote, ndani kabisa, kuanzia walipofikia kwa mkono mpaka sakafuni. Mchana chuma kikipata jua mafuta yalikuwa yanalainika na pazia linapita. Jioni yanaganda pamoja na vumbi na makapi, yanalishika pazia pande zote mbili.

"Dada Paulina, uliyaona haya mafuta?"

"Niliyaona."

"Hukuyafuta?"

"Yalipakwa na wazee, kaka. Niyafute mimi?" Halafu akasema, "Na kwetu mafuta yanalainisha. Sikujua yanaweza kushika."

Na aliyeongoza slufay ile, aliyekuwa wa kwanza kuchovya mkono, alikuwa Mzee Gwandu.

Tulikingia ile nafasi kwa mawe ili nungunungu wale wafunge siku moja, nikaenda kulala kwa jamaa yangu, ingawa kulala ni neno tu. Ningesimamaje mbele ya kamati nimwambie mzee yule kwamba mkono wake wa baraka ndio uliowafungulia nungunungu? Angeweza kuona nimemtukana yeye na wazee wote, na hasira yake ingemwangukia Paulina, kwa sababu mimi ningeondoka na yeye angebaki. Kunyamaza nako kulikuwa kumwacha apotee. Mwisho nikaamua kwamba mimi sitasema kitu. Mlango utasema wenyewe.

Asubuhi ilikuwa baridi, majani yana umande. Wanakamati walikuja wamejifunika mablanketi. Mlango ulikuwa umening'inia na shibiri yake, kila mtu akauona. Nilimwomba Paulina ampe Mzee Gwandu funguo zote, ule wa swichi na ule wa kufuli la mnyororo. Mzee akazivaa shingoni. Nikamwomba Paulina asimame mbali, kule barabarani, na mashine ya kusaga ilikuwa haijawashwa. Nikaondoa mawe, nikawaomba wote warudi nyuma. Halafu nikapanda ngazi na birika kubwa la maji yaliyochemka, nikayamimina taratibu ndani ya reli ya kulia. Nikashuka, nikaihamisha ngazi, nikamimina ya pili kwenye reli ya kushoto.

Kwanza hapakutokea kitu. Mtu mmoja akakohoa. Kisha mlango ukatetemeka, ukateleza, ukaanguka kwa kishindo, kwaa, mpaka chini. Wanakamati wakaruka, mmoja akaacha blanketi lake nyuma.

"Nani kaufunga?" mtu akauliza.

Mzee Gwandu alizishika zile funguo kifuani kama anazihakikisha. Akasogea mlangoni, akatia kidole kwenye reli iliyokuwa bado inatoa mvuke, akakileta puani. Wote walikuwa wamekwisha kuinusa ile harufu, na wote walikuwa wanatazama ardhi. Mimi nilikuwa bado nimelishika birika tupu.

"Misa ya pili," mzee akasema taratibu, kama anaongea peke yake. "Jua linakuwa limepanda." Akageuka. "Fundi. Jumapili ile ni jua lililoufunga?"

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa. "Haya mafuta hayatakiwi?"

"Yanatakiwa, mzee. Ila yakae kwa nje, pale juu kwenye paji la mlango. Humu ndani ndimo unamopita."

Akalipima lile neno. Mimi nilisubiri, na nawaambia ukweli, nimewahi kushika waya wenye umeme bila kuogopa kiasi kile. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe anacheka. Akasema kwa Kimbulu kwamba walikuwa wameupaka mlango mafuta kooni halafu wakamlaumu mlishaji kwamba haumezi. Wazee wakacheka wote, kicheko cha watu waliopona.

Kilichofuata sikukitegemea. Alimwita Paulina kutoka barabarani. Binti alikuja. Mzee akazivua funguo akamvisha tena shingoni, mbele ya kamati na mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni. Kisha akachota kwa kidole gumba mafuta yaliyokuwa yamelainika kwenye reli, akampaka kwenye paji la uso, akaanza slufay. Wengine wakaitikia. Sijawahi kumsikia mzee wa rika lake akimwomba radhi binti mdogo, na siku ile pia sikumsikia. Lakini hakuna mtu wa Karatu ambaye angeona lile paji la uso halafu akathubutu kusema tena habari za nungunungu. Paulina alilia waziwazi. Mimi nikajifanya nakagua gia.

Tulizisafisha reli kwa mafuta ya taa ambayo Mzee Gwandu aliyatoa kwenye taa ya nyumbani kwake, na enzi hizo kumimina mafuta ya taa ili kufutia chuma ilikuwa sadaka kubwa. Nikazipaka ule unga mweusi wa betri, nikaufunga mlango jioni kwenye baridi, ukatua. Nikangoja jioni nyingine, ukatua. Hapo ndipo nilipomwambia mzee kwamba sasa mlango ni mzima. Mvua zilipoanza watu walipanda. Kila msimu mbegu zilipoingia wazee waliendelea kupaka mafuta yao, ila juu, kwenye paji, na Paulina ndiye aliyekuwa anawashikia ngazi.

Nilimtumia Mzee Mndeme salamu kwa mtu aliyekuwa anakwenda Upareni, nikamweleza yote, nikamshukuru. Jibu lilirudi baada ya muda mrefu, fupi kama mwenyewe: mwambieni nimefurahi kuwa ile chai haikupotea bure. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Nimeshika mota nyingi kuliko alizoshika yeye, na sijafanya hata moja bila yeye.

Sasa ile picha. Siku mliponiaga, mlipokuwa mnapanga viti, alikuja mwanamke mtu mzima aliyejitanda kitenge, mkadhani ni shemeji yangu. Ni Paulina. Alisikia nastaafu, akapanda basi kutoka Qurus na kikopo kidogo mkononi. Alinikuta peke yangu kwenye banda, nikiwa nakusanya vitu vyangu. Hakuniambia shikamoo wala pole. Alifungua kikopo, akachovya kidole gumba, akanipaka kwenye paji la uso kama alivyopakwa yeye.

"Kaka Tluway," akasema, "wengine walikuja. Wewe ulifika."

Nilipotoka nje mlikuwa mmeshapanga mstari wa picha, mkacheka mng'aro wa uso wangu, na mmoja wenu akaniletea kitambaa nijifute. Nilikikataa.